Herufi Isiyoonekana Ilivyokula Nauli Yangu

Niliwahi kufunga mtambo mdogo wa kujivunia kwenye steshenari moja Kariakoo. Chini ya meza niliweka kompyuta ya Linux yenye programu mbili: moja inapokea nyaraka kutoka kwenye simu za wateja, nyingine inaonyesha namba za foleni kwenye TV. Kila moja niliipa poti yake, yaani namba ya mlango wa kupokelea mawasiliano, 9001 na 9002, nikaziandika kwenye faili la mipangilio ambalo mwenye duka angeweza kulifungua kwenye Windows 7 yake.

Wiki haikuisha, simu ikaita. "Fundi, TV inawaka ila foleni haipo." Kesho yake: "Foleni ipo, nyaraka haziji." Keshokutwa foleni imepotea tena. Nikachungulia logi, daftari la matukio ya mtambo, nikakuta mtambo unalalamika kwamba anwani tayari inatumika. Programu zote mbili zinagombea poti 8080! Wapangaji wawili, chumba kimoja. Anayewahi anaingia, mwenzake analala barazani na godoro lake. Na hiyo 8080 wala haikuwemo kwenye faili lile.

Nikasema nitaiigiza hitilafu hiyo nyumbani Mbagala, kwa utulivu. Usipoiona ikitokea mbele yako, utaapaje kwamba umeitibu? Nikampigia mwenye duka: "Mama, naomba unitumie lile faili." Akatuma picha. Skrini imepigwa kimshazari, kidole gumba kimekaa juu ya neno foleni. Nikainakili herufi kwa herufi. Programu zikaamka zote, kila moja kwenye poti yake. Nikaomba maandishi yenyewe, akayabandika WhatsApp. Zikaamka tena, kama zinanicheka.

Nikapanda daladala hadi dukani: inagoma. Nikarudi kwangu: inakubali. Siku tatu hivyo hivyo, hadi konda akaanza kuniita "ofisi". Nilishaushuku umeme wa Kariakoo, na usiku mmoja, Mungu anisamehe, nikashuku mkono wa mtu.

Safari ya nne nikaenda na flashi, nikabeba faili lenyewe. Saa saba usiku, nyumbani, nikaliweka, nikawasha. Ikagoma! 8080, zote mbili! Nilipiga ukelele wa furaha hadi mama yangu mzazi akatoka chumbani na mchi mkononi.

"Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi, mama. Imeharibika!"

Akanitazama kwa muda, akarudi kulala na mchi wake.

Nikalianika faili kwa amri ya cat -A, ile isiyoficha kitu. Mwisho wa kila mstari kulikuwa na mgeni: 9001^M. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, namba 13 na namba 10. Linux inatosheka na 10. Ile 13, ndiyo hiyo ^M, ikabaki imeng'ang'ania poti kama kupe, na skripti yangu ya Bash, orodha ya amri za kuwasha programu zile, ilipoona kitu kisicho tarakimu tupu, ikachukua poti ya akiba, 8080, bila hata kuguna. Mstari huo wa akiba niliuandika mimi, na pembeni nikaweka maelezo: "haitatokea". Picha ingeibeba wapi alama 13? Hata kile kidole kingeondoka, nisingeiona. Na kwenye kunakili kutoka WhatsApp nako ilidondokea njiani.

Asubuhi nikamuuliza mwenye duka kama aliligusa faili.

"Nililigusa ndiyo! Nilikuta umeandika vyote mstari mmoja kama mtoto wa chekechea. Nikafuta, nikakupangia vizuri."

Kumbe Notepad ya zamani, programu ya Windows ya kufungulia maandishi, haikuitambua 10 peke yake kuwa mwisho wa mstari. Nikaanza kumweleza hiyo 13, akanikatiza. Ujana wake wote alikuwa mpiga chapa.

"Si ile ya kurudisha gari la taipureta mwanzo wa mstari? Halafu karatasi inapanda. Ni vitu viwili hivyo, mwanangu. Wewe ulikuwa unafanya kimoja?"

Sikuwa na jibu. Nikaongeza tr -d '\r', amri ya kuifuta hiyo 13, kwenye skripti, na sasa ikikuta poti isiyoeleweka inagoma na kupiga kelele, haikimbilii tena 8080. Kisha nikagusia malipo, pamoja na nauli.

"Kwani umefuta nini hasa?"

"Herufi, mama. Ila haionekani."

Akavuta droo ya pesa, akaifunga.

"Basi hela yako nimeshaiweka hapo mezani. Ila haionekani."