Mgonjwa wa kisukari aachiwe nini mkononi?

Mgonjwa wa kisukari aina ya 2 anayetoka Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, kwenda kuonana na daktari hukaa mbele yake dakika chache, mara chache kwa mwaka. Siku zote zilizobaki ni yeye, vidonge vyake na sahani yake ya bugali. Hapo ndipo madaktari wanapotofautiana.

Wako wanaosema afundishwe kujisimamia, kwa kuwa hata asipofundishwa, mwenye kuamua ale nini na ameze dawa lini ni yeye. Wengine wanasita, na hofu yao ina msingi. Mtu akijisikia mzima huacha metformini, kidonge chake cha kisukari cha kila siku. Mwingine humeza glibenklamidi, kidonge kingine cha kushusha sukari, akalala na njaa, sukari ya damu ikashuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, jasho likamtoka, akaanguka.

Mimi naona tunakosea tunapoanzia kwenye mashine ya kupimia sukari. Vijiti vyake ni ghali, vikiisha mafunzo yanaishia hapo. Tena utafiti wa North Carolina, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuata wagonjwa 450 wasiotumia insulini: baada ya mwaka mmoja, waliojipima kila siku hawakuwa na nafuu ya maana kuliko wasiojipima. Kwa anayemeza metformini peke yake, nisingetaka pesa ya chakula cha watoto iende kwenye vijiti. Anayejidunga insulini ni habari nyingine kabisa. Huyo lazima apime, na kubadilisha dozi kwa kukisia ni hatari. Hapo nawaunga mkono wanaosita.

Lakini miguu? Kisukari huua hisia za miguu, na kwa milima yetu ya Bukavu, mawe na matope, mtu hutembea na msumari ndani ya kiatu asijue. Kukung'uta viatu asubuhi, kukagua nyayo na katikati ya vidole jioni: hakuna daktari anayeweza kumfanyia mtu hayo kila siku, wala hayahitaji franga. Sijaona sababu yoyote ya kusubiri kuyafundisha.

Chakula ndicho kigumu. "Punguza bugali, ongeza sombe (majani ya muhogo) na maharagi," anaambiwa baba ambaye hajawahi kushika mwiko. Mama anayepika chungu kimoja kwa nyumba nzima ameachwa nje kwenye benchi. Aitwe aingie, mafunzo yaanze naye.