Mwandishi, Nakala za Maktaba Kuu Umezipeleka?

Juzi rafiki yangu, mwandishi wa riwaya, alinionyesha kitabu chake kipya. Jalada limependeza, ISBN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, imekaa mahali pake. Nikamuuliza kama nakala za Maktaba Kuu ya Taifa, zile ambazo sheria inataka zipelekwe kitabu kinapochapwa, ameshapeleka. Akasema, "Kaka, wale watanilipa nini?" Jibu hilo limenikaa rohoni tangu siku ile, maana nimelisikia kwa waandishi wengi.

Jengo la Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, wengi wetu tunalijua kama mahali pa kujisomea mitihani ikikaribia. Unaingia na madaftari yako, unatafuta meza karibu na dirisha, jioni unatoka bila kugusa kitabu hata kimoja cha mle ndani. Sioni ubaya, kwa sababu Dar es Salaam ina sehemu chache za kukaa kimya bila kulazimika kununua kitu. Lakini Mwalimu Nyerere alipolifungua tarehe 9 Desemba 1967, taifa lilipata pia ghala la kumbukumbu zake zilizochapwa. Kazi hiyo ndiyo tusiyoiona.

Mimi niliiona nilipokwenda kutafuta vijitabu vya zamani vya vyama vya ushirika. Mkutubi mmoja mama mtu mzima, Mungu ambariki kwa subira yake, alinieleza safari ya kitabu tangu kinapopokelewa. Kinasajiliwa, kinaainishwa, kinaandikiwa katalogi, ndipo kinapelekwa kwenye rafu. Vile vinavyoletwa kwa mujibu wa sheria haviazimwi. Unavisomea papo hapo na kuvirudisha, ili na mjukuu wako avikute. (Namba za kupangia vitabu kwenye rafu ni za Dewey, mfumo wa Marekani wa mwaka 1876. Fasihi ya Kiingereza imepewa 820 yote, ya Kiswahili imebanwa kwenye 896.392. Hilo nalo linaniuma, ila nitaliandikia siku yake.)

Sasa tuje kwenye sheria. Bodi ya Huduma za Maktaba, inayoiendesha Maktaba Kuu, inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1975, na mchapishaji wa nchi hii ana wajibu wa kuwasilisha nakala za anachokichapa. Wala si jambo tulilolianzisha sisi. Ufaransa mfalme François wa Kwanza aliliamuru mwaka 1537, na leo nchi nyingi duniani zinalifuata. Kinachonikera zaidi ni kwamba ISBN zetu, zikiwemo zile zinazoanza na 978-9976 na 978-9987, zinatolewa na Bodi hiyohiyo. Yaani mwandishi anaujua mlango. Anaubisha akihitaji namba, anapewa, anaondoka, kitabu kinatoka, na yeye harudi. Kwenye kumbukumbu za Bodi jina la kitabu lipo. Kitabu chenyewe hakipo.

Na tunaopoteza ni sisi. Fikiria mwalimu mstaafu aliyeandika historia ya watu wake, akachapisha nakala chache Peramiho, Ndanda au Tabora, zikagawiwa kwa ndugu na marafiki. Mvua ya masika moja na mchwa wa msimu mmoja vinatosha kuzimaliza. Fikiria riwaya za upelelezi za miaka ya 1970 na 1980 ambazo wazazi wetu walizisoma kwa kupokezana hadi zikachanika majalada. Leo mwanafunzi wa Kiswahili akitaka kuzichambua, anaanza kuzunguka kwa wauza vitabu chakavu, na akizikosa anabadilisha mada ya utafiti. Hivyo ndivyo sehemu ya fasihi yetu inavyofutika bila mtu yeyote kuipiga marufuku.

Wakati huohuo, Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi Nairobi tangu mwaka 1966. Inanunua machapisho ya ukanda wetu huu, Tanzania ikiwemo, na kuyasafirisha kwenda kuhifadhiwa. Siwalaumu hata kidogo. Wanajua thamani ya karatasi. Ila maana yake ni kwamba kitabu kilichochapwa Kariakoo kinaweza kuwa na namba na rafu yake Washington, huku Barabara ya Bibi Titi hakijawahi kufika. Mtoto wetu aombe viza akasome ya kwao?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuchapa ni ghali na anayejichapia mwenyewe anahesabu kila nakala. Nakubali pia kwamba Serikali ingeweza kuipa Bodi fedha zaidi. Hata hivyo, mwandishi huyohuyo aliyemgawia kila mgeni rasmi nakala ya bure siku ya uzinduzi hawezi kuniambia kwamba za maktaba zimemshinda.

Vitabu vya PDF vinavyouzwa WhatsApp ndiyo kabisa, simu ikiibwa na mwandishi akifariki kitabu kimekwisha.

Mimi ningependa utaratibu uwe mkali. Anayekuja kuomba ISBN ya kitabu cha pili aulizwe kwanza nakala za kile cha kwanza ziko wapi, na kama hajazileta, asipewe namba hadi azilete. Wenye viwanda vya uchapaji nao, kabla ya kukabidhi mzigo, watenge nakala za Maktaba Kuu pembeni na kuziandika kwenye hati ya makabidhiano. Rafiki yangu atanuna, najua. Anune, lakini riwaya yake iwe imefika.