Meneja wa Misumari

Bosi wangu hajawahi kuninyima nyongeza ya mshahara. Nataka hilo lieleweke mapema, maana watu wakisikia kisa hiki humfikiria bahili wa kawaida, yule wa kukunja uso na kusema hapana. Mzee hasemi hapana. Ukimwomba nyongeza anakubali papo hapo, anakushika bega, anakuuliza hali ya mama yako, kisha anasema, "Hilo nimeshalimaliza, kijana wangu." Unatoka hapo ukiwa umepiga kifua mbele. Kinachosumbua ni tarehe tu.

Duka letu liko Nakuru, la vifaa vya ujenzi: simiti, mabati, nondo, misumari ya kila inchi, na rangi ambazo mteja huzichagua saa nzima halafu akanunua nyeupe. Mimi ndimi karani, mtunza stoo na mwandika risiti. Mawingu yakitanda ni mimi pia wa kuingiza mifuko ya simiti ndani. Kwa hayo yote nilikuwa nikilipwa shilingi 20,000, pesa mkononi, kila mwisho wa mwezi. Mzee hulamba kidole gumba, akazihesabu noti kutoka juu kwenda chini, halafu akazigeuza akaanza tena kutoka chini kwenda juu, akiniangalia usoni badala ya kuziangalia.

Ahadi ilitoka mwishoni mwa 2023, duka la ng'ambo ya barabara liliponinyemelea. "Usiende," Mzee akasema. "Krismasi ipite. Januari nakuongeza."

Januari ikafika. Watoto wanarudi shule, pesa zote za wateja zimeenda kwa karo, nani atajenga? Februari ikaja na kiangazi chake: maji ya kukorogea simiti hakuna, nani atajenga? Mvua nayo ikaanza: mchanga unasombwa barabarani, nani atajenga? Nikabaki kujiuliza ni nani basi aliyejenga Nakuru hii, kutoka Kiti hadi Pipeline, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka tukapandishwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikiwa mwaka mzima hauna mwezi wa kujengea.

Tarehe 1 Mei 2024 tulikuwa dukani kama siku nyingine yoyote, kwa sababu Mzee anaamini sikukuu ya wafanyakazi huadhimishwa kwa kufanya kazi. Redio ilikuwa kwenye rafu ya makufuli. Rais Ruto, akihutubia pale Uhuru Gardens, akasema kima cha chini cha mshahara kipande kwa asilimia 6. Nikaongeza sauti. Mzee akapunguza. Nikaongeza tena.

"Hiyo ni ya watu wa chini," akasema. "Wewe hauko chini."

Na hapo alikuwa na hoja: 20,000 ilikuwa juu ya kima cha chini cha kibarua wa kawaida wa kubeba simiti. Kwa sentensi moja nilipewa heshima na kunyang'anywa asilimia 6. Ingawa hata hiyo 6 yenyewe ilianza kutumika 1 Novemba, miezi sita baada ya makofi. Ndipo nikaona Mzee anapoteza wakati kwenye biashara. Mtu wa tarehe kama zake anafaa kugombea kiti.

Juni akaniita ofisini. Ofisi ni meza iliyo nyuma ya makopo ya rangi. Akanisukumia bahasha. Niliipapasa kwanza nikahisi kitu kigumu, nikajisemea pengine ni noti mpya zilizobanwa vizuri. Nikafungua. Beji! Plastiki nyeupe, pini ya kutu nyuma, na mbele herufi nyeusi: MENEJ, halafu nafasi, halafu A. Hiyo A ilikuwa imesogea pembeni, nadhani ilishasikia mshahara ikaamua kuondoka.

"Cheo hutangulia," Mzee akanieleza akinibandika kifuani. "Mshahara utakifuata."

Sikujua cheo kina mbio kiasi hicho. Binamu yangu alipita kununua kufuli, akanipiga picha bila kuniomba, na kabla hatujafunga duka picha ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Pongezi zikamiminika. Shangazi ambaye hatujasemezana tangu ugomvi wa shamba aliandika "Mungu ni mwema" na chini yake namba ya M-Pesa. Mafundi waliokuwa wakiniita "Wee!" wakaanza "Meneja, wachia vijana ya chai." Nyumbani, mtaa wa Free Area, keateka, yule msimamizi wa nyumba za kupanga, alisimama mlangoni akaisoma ile beji taratibu, akaijumlisha na ile nafasi kabla ya A, na mwisho wa mwezi kodi ikatoka 6,000 ikawa 7,000. Nilipolalamika aliniuliza kama kweli meneja anaweza kugombana na mtu juu ya elfu moja. Sikuwa na jibu, kwa sababu meneja hawezi.

Halafu ikaja kadi ya harambee. Kanisa la kijijini kwetu, huko nje ya Molo, lilikuwa na kuta bila paa, na kwenye kadi, kwa wino wa dhahabu, mgeni wa heshima alikuwa mimi. Nikampigia Mama.

"Mama, mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini na wewe ni meneja wa mabati?"

"Mabati si yangu!"

"Basi njoo na mwenyewe."

Mama alisema hivyo kwa hasira tu, lakini nililishika neno. Kama Mzee ndiye aliyenitwika cheo, na aje aone uzito wake. Nikamwalika. Alikubali hata sijamaliza sentensi, maana kanisa lisilo na paa kwake ni mteja ambaye hajafika dukani bado.

Tulipanda na pikapu yake kwa njia ya Njoro, Novemba, na ile baridi ya Molo ambayo hukuingia kwa kola ikatokea kwa soksi. Tukaketishwa meza ya mbele, kitambaa cheupe, maua ya plastiki, soda mbili zilizopoa zenyewe bila friji. Nilikuwa nimebeba 2,000 kwa bahasha, nikiwa nimepanga kutoa na kuketi haraka.

Sikuwa nimepangia mnada. Ikaletwa kabichi. Mshereheshaji akaianzia 50. Mjomba wangu akanipungia kutoka viti vya nyuma, nami, mtoto aliyelelewa vizuri, nikampungia.

"Meneja, mia tano!"

Nikafungua mdomo kueleza. Mfanyabiashara mmoja wa viazi akanidaka kwa 700, na mshereheshaji akashika kichwa kwa mikono miwili: "Jamani, meneja kutoka jijini ashindwe na viazi?" Wamama wakapiga vigelegele. Shangazi wa M-Pesa alikuwa amesimama akinitazama. Sijui mkono ulipandaje. Ninachojua ni kwamba yule mtu wa viazi aliketi ghafla akicheka, na kabichi ikawekwa mapajani mwangu kwa 1,500. Pale Soko la Wakulima ningeongezewa na sukuma juu. Ilikuwa imetoka shambani asubuhi, na umande wote uliokuwa katikati ya majani ukaanza kushuka polepole kwenye suruali yangu ya kitambaa. Sikuweza kuiweka chini kwa sababu kila mtu alikuwa akiniangalia, wala kusimama kwa sababu ya suruali.

Hapo ndipo Mzee alipoitwa asalimie watu. Alisimama akavuta koti, na kwa sababu watu walikuwa wachangamfu, akachangamka kupita kiasi.

"Huyu kijana mnayemwona na kabichi ni mtoto wangu. Nimempa cheo, na nimemwahidi nyongeza ya mshahara!"

Makofi. Kwaya ikapiga kayamba. Mzee akainama kidogo kuyapokea, akaanza kuketi.

"Kiasi gani, Mzee?"

Alikuwa Mama. Amesimama safu ya pili, leso kichwani, sauti ya upole kabisa.

"Eeh?"

"Tuambie kiasi, tukiombee kwa jina."

Mzee akatazama juu kwenye paa, ambalo halikuwapo. "Elfu mbili, Mama."

"Amina. Kuanzia lini?"

"Januari."

"Ya mwaka gani?"

Watu walicheka, lakini Mama hakucheka, akabaki amesimama. Mzee ikabidi ataje: 2025. Pasta naye hakutaka jambo lipoe. Aliagiza kanisa zima linyooshe mikono kuelekea kwa Mzee, akaliombea lile neno lisirudi bure, akawafunga wote wanaozuia haki ya mfanyakazi, akakemea, akarudia kukemea. Nilimchungulia Mzee kwa jicho moja. Katika ile baridi ya Molo, jasho lilikuwa likimtiririka sikioni.

Januari 2025, Mzee akatimiza. Nasema kweli. Sijui aliogopa maombi au alimwogopa Mama, lakini alimleta dukani binti mmoja mhasibu mwenye laputopu, akatangaza kwamba sasa mimi ni meneja kamili, na meneja halipwi kwa kulambiwa kidole. Mambo yawe rasmi. Mwisho wa mwezi nikakabidhiwa pesilipi, ya kwanza maishani mwangu, na bado ilikuwa na joto la printa.

Mshahara: 22,000. Niliusoma mstari huo kwa muda, nikaupenda, na ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Chini yake: NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6, 1,320. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75, 605. Ada ya nyumba, ile ya nyumba nafuu za serikali, asilimia 1.5, 330. Kodi ya mapato sufuri, wakaniachia. Jumla ya makato 2,255. Unachopokea: 19,745.

Nikachukua kikokotoo cha kaunta. Nikarudia. Nikaligeuza karatasi, kama Mzee anavyozigeuza noti, nikahesabu kutoka chini kwenda juu. Zile 20,000 za mkononi zilikuwa zimeongezwa hadi zikapungua shilingi 255.

"Mzee," nikasema, "hii nyongeza imenipunguzia."

"Imekupunguzia wewe?" Alinipokonya karatasi. Ikatokea kwamba binti alishampa habari zake asubuhi: mwajiri naye hulipia mfanyakazi NSSF kiasi kile kile, na ada ya nyumba kiasi kile kile. Elfu mbili yangu, ukiongeza 1,650 za juu, ilikuwa inamgharimu 3,650 kila mwezi. Tukaangaliana ng'ambo ya misumari. Yeye ametoa 3,650 zaidi, mimi nimepata 255 pungufu, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Mhasibu akatueleza kwamba hivi ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu nilipoajiriwa, na kwamba pesa zangu za uzeeni ziko salama. Mzee akamuuliza yeye analipwa kiasi gani kwa siku.

Jioni hiyo Mama akapiga.

"Mwanangu, nyongeza imeingia?"

"Imeingia, Mama."

"Nilijua! Yale maombi hayakuwa ya mchezo. Sasa pasta anauliza juu ya fungu la kumi la hiyo nyongeza. Anasema ni la paa."

Nikamwomba asubiri, nikatoa kikokotoo. Nyongeza ni shilingi 255 hasi. Fungu lake la kumi ni 25 na senti hamsini, hasi. Nikamwambia Mama amfikishie pasta salamu, na kwamba kwa hesabu za Januari kanisa ndilo linalonidai hasi, yaani mimi ndiye nalidai, shilingi 25 na senti hamsini, na hata kwa M-Pesa zitafika.

Mama akakata simu.