Arabuko-Sokoke si msitu wa kupita tu

Ndugu mwandishi, makala yako ya utalii wa Kilifi imeutaja msitu wa Arabuko-Sokoke kwa sentensi moja, kana kwamba ni miti ya kutazamwa dirishani ukielekea Watamu. Nimesikitika. Mwaka jana niliingia humo na mwongozaji, kijana wa Gede, na hadi leo ndiyo safari ninayoisimulia kuliko zote.

Bundi wa Sokoke ni mdogo, karibu urefu wa kiganja. Wanasayansi hawakumjua mpaka 1965. Hukaa kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu, na mchana hulala tawini, mara nyingi dume na jike bega kwa bega. Tulisimama hatua chache kutoka kwao na bado sikuwaona, mpaka kijana aliponielekeza tawi kwa tawi. Rangi yao ni ya majani makavu kabisa! (Mama yangu anaamini bundi ni mkosi, lakini picha niliyowapiga aliitazama muda mrefu.)

Ukifika penye mchanga mweupe, miti hubadilika na ndege pia. Huko ndiko hutafutwa kwera wa Clarke, ambaye duniani kote yupo Kilifi pekee. Mazalia yake yalikuja kujulikana mwaka 2013, kule msitu wa Dakatcha, humo humo Kilifi. Sisi hatukumpata.

Naomba makala ijayo uwahoji waongozaji hawa. Wanajua jozi ipi ya bundi inalala wapi, na riziki yao inategemea wageni wanaoingia msituni.