Kabla mtoto hajapewa dawa ya saikosisi, ulizeni anarudi lini

Msimu wa korosho mwaka juzi, kijiji kimoja cha Newala, nilimkuta mama anaokota korosho huku mwanawe wa miaka minane amefungwa kiunoni kwa kipande cha khanga, ncha ya pili kwenye shina la mkorosho. Mtoto ana usonji. Hasemi, na akikasirika hujigonga kichwa chini mpaka damu. "Kaka, bora nimfunge nimwone kuliko nimwache nimzike," aliniambia, maana barabara ya malori iko pale pale. Miezi mitano baadaye nilipita tena. Khanga haikuwepo. Mtoto alikaa kivulini anapanga mawe madogo mstari mmoja mrefu. Hospitali walikuwa wamemwanzishia risperidoni, moja ya dawa za saikosisi, nusu kidonge kila jioni.

Mtoto wa dada yangu, hapa Mtwara mjini, ana miaka kumi na mmoja. Yeye aliandikiwa haloperidoli, dawa nyingine ya kundi hilo, kwa sababu hatulii darasani. Siku ya pili shingo ikapinda upande, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka nje akashindwa kuurudisha. Bibi yake akasema ni majini. Akapelekwa kwa mganga, akafukizwa usiku kucha. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba dawa ile huweza kukaza misuli namna hiyo, hasa kwa vijana, hasa siku za mwanzo, na kwamba sindano ya prometazini ingeweza kumwachia ndani ya nusu saa hivi.

Nimekaa na visa hivi viwili muda mrefu, na ndiyo sababu mjadala kuhusu kuwapa watoto dawa hizi, wa "zikatazwe" au "ziachwe" haunitoshi.

Dawa hizi zilianza na klorpromazini, mjini Paris mwaka 1952, kwa watu wazima wenye saikosisi, yaani wanaosikia sauti zisizokuwepo au kuamini yasiyo kweli. Kila dawa husajiliwa kwa ugonjwa fulani na umri fulani. Daktari akimwandikia mtoto nje ya hapo, huwa anatumia uamuzi wake, na madaktari wa watoto dunia nzima hufanya hivyo kwa dawa nyingi, kwa kuwa majaribio kwa watoto ni machache. Wanaotetea wana hoja nzito hapa. Mwaka 2002 huko Marekani ulichapishwa utafiti wa watoto 101 wenye usonji na hasira kali. Baada ya wiki nane, asilimia 69 ya waliopewa risperidoni walikuwa wamepata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 12 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Idhini ya matumizi hayo ilitoka mwaka 2006. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa mwaka 2004 alitibiwa nje ya usajili, ilhali ushahidi ulikuwepo. Usajili na ukweli wa kitabibu havitembei kwa mwendo mmoja.

Shida ni kwamba mlango ukifunguliwa kwa mtoto anayejigonga kichwa, hupita humo pia mtundu, asiyelala na anayejibu wakubwa. Na wapo waliousukuma kwa makusudi. Mwaka 2013 kampuni ya dawa ya Johnson & Johnson ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 kumaliza mashauri na serikali ya Marekani, na miongoni mwa tuhuma ilikuwa kuinadi risperidoni kwa watoto kabla haijaidhinishwa kwao. Dawa hii hupandisha prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa ya mama, na wapo wavulana walioota matiti. Olanzapini, ya kundi hilohilo, ni nzito zaidi kwa mwili: utafiti wa mwaka 2009 ulikuta watoto na vijana walioianza kwa mara ya kwanza wameongezeka wastani wa kilo 8.5 kwa wiki zipatazo kumi na moja. Uingereza wanaruhusu risperidoni kwa ukali wa kudumu wa watoto wenye ulemavu wa akili, lakini kwa wiki sita tu.

Hapa kwetu kuna la ziada. Dawa inaleta njaa, na njaa ile hukutana na nyumba ambayo mwezi wa pili unga wa muhogo unapimwa kwa kikombe. Pia watoto wetu wengi wamepita kwenye malaria kali ya ubongo, na baadhi yao imewaachia kifafa na tabia ngumu kwa pamoja. Klorpromazini inaweza kuchochea degedege kwa mtoto wa namna hiyo. Asiyeulizwa habari ya kifafa ataandikiwa bila mtu kujua.

Husemwa kwamba mabingwa wa akili wako Dar es Salaam na Dodoma, mafunzo kwa wazazi hayapo Liwale wala Nanyumbu, basi dawa ndiyo iliyobaki. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Nusu ya pili inanitisha, kwa sababu uhaba uleule unamaanisha hakuna atakayemwangalia mtoto baada ya kidonge cha kwanza. Lakini kumfuatilia hakuhitaji bingwa. Mizani ipo kwenye kila kliniki ya mama na mtoto. Muuguzi anaweza kupima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, kupima sukari, na kumwambia mama: shingo ikikaza, kimbilieni hapa, msiende kwingine. Pasipo hayo, mimi nasema dawa isianzwe. Na kwa utundu wa darasani isianzwe kabisa mpaka mtoto achunguzwe. Mpwa wangu alikuja kugundulika ana sikio linalotoa usaha, hamsikii mwalimu. Alisafishwa, akatibiwa, sasa anakaa dawati la mbele.

Yule mama wa Newala alinionyesha daftari la kliniki alilolifunga kwenye mfuko wa nailoni. Uzito mwezi wa kwanza, kilo 22. Mwezi wa tano, kilo 25. Chini yake muuguzi ameandika kwa kalamu nyekundu: arudi tarehe 3, tujaribu kupunguza dawa.