Magharibi ya saa nane mchana

Jana mama kapiga simu ya video kutoka Wete, Pemba, kanikuta niko nasari namchukua mwanangu. Hapa Trondheim, Norwei, ilikuwa saa tisa na nusu mchana na kiza kishatanda kama cha isha. Kwake jua lipo, namwona mbuzi wa jirani nyuma yake anatafuna pindo la kanga iliyoanikwa.

"Kwenu magharibi ishaingia?"

"Zamani, mama."

"Na huyo mtoto yuko nje?"

Nikageuza simu aone mwenyewe. Mjukuu wake wa miaka mitatu kakaa juu ya tuta la theluji, anakula. Anakula theluji. Mama hakusema kitu, alianza tu kusoma Ayatul Kursiy.

Disemba hapa jua linachomoza saa nne asubuhi, saa nane na nusu mchana lishatua. Na hizo saa nne na nusu za mwanga zinaweza kuwa za nyuzi 7 chini ya sifuri. Pamoja na hayo watoto wanatolewa nje kila siku aliyoileta Mungu, iwe mvua, iwe theluji, iwe kiza. Wanorwei wana msemo wao kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Wanaupenda msemo huo! Ukiusikia mara ya arobaini unatamani kumrushia mtu buti.

Sasa kabla hamjaanza kuniandikia: mie sikuzaliwa na akili hizi. Siku ya kwanza kumpeleka mtoto, nilikuta vigari sita vya watoto vimepangwa nje barazani, juu ya mablanketi kumeganda umande mweupe. Nikachungulia kimoja. Kuna mtoto ndani, kalala, pua nyekundu. Nikajua wamesahauliwa. Nikakimbilia ndani kumwambia mwalimu, naye akanijibu kwa upole kwamba wanalala vizuri zaidi nje. Nilimchukua wangu nikarudi naye nyumbani, na kwa siku tatu nikawaambia anaumwa. Uongo mtupu, Mungu anisamehe.

Siku ya nne nikampeleka kavaa fulana nne za pamba na sweta mbili juu. Alirudi karoa jasho na anatetemeka. Mwalimu akanikalisha akanifundisha kama mtoto: pamba inanyonya jasho inakaa nalo, sufu hata ikilowa bado inaleta joto. Kwa hiyo sufu mwilini, sufu nyengine juu yake, halafu ovaroli isiyopitisha maji. Nasari yenyewe ina kabati linalopuliza hewa ya moto, la kukaushia glavu na maovaroli. Asubuhi kumvisha yote hayo ni dakika ishirini, na ukishamaliza kufunga zipu ya mwisho ndipo anakwambia, "Mama, kojo."

Nilikuwa nnasikiliza somo la sufu huku nnakumbuka picha yangu moja ya utotoni. Februari, kaskazi, joto la kuchemsha ubongo, na mie nimefungwa kofia ya sufu, soksi na sweta, nimenuna kama mdai. Kumbe nguo tunazo! Tunazivaa tu pasipo na baridi.

Lakini siyo kofia iliyonileta hapa. Mwaka jana nilikaa wiki tatu kwa dada yangu Unguja, Kiembesamaki. Ana mtoto wa miaka mitano. Nilihesabu siku alizotoka kucheza: mbili, na moja ilikuwa Idi. Asubuhi skuli, mchana jua kali ataungua awe mweusi (mweusi! sisi!), alasiri chuoni kusoma Kurani, baada ya chuo tuisheni. Tuisheni ya nini mtoto wa miaka mitano, sijui. Magharibi mashetani. Kisha katuni mpaka alale. Na misimu nayo imegawana: kaskazi joto, masika matope, kusi atapata kifua, vuli mvua tena. Hapo umebaki mwezi gani?

Hadithi ya magharibi naijua, wala sibishani nayo. Mtume (SAW) kasema tuwazuie watoto usiku unapoingia, na ikishapita saa ya usiku tuwaachie. Sisi tumeshika nusu ya kwanza.

Haya, semeni. Bodaboda, mitaro wazi, watu wabaya. Kweli yote, na mie si kipofu. Hata pa kuchezea hapapo: kiwanja tulichochezea nage leo kimeota ghorofa, na ufukweni mlinzi wa hoteli anakuuliza unakwenda wapi na hao watoto, utadhani bahari kaichimba bosi wake. Huku kuna sheria tangu 1957 inayompa kila mtu haki ya kupita msituni na milimani hata kama ardhi ina mwenyewe, mradi asiharibu. Hilo la viwanja na fukwe si la dada yangu, lina wakubwa wake, na wenyewe wanajijua. Ila nyumba ya dada yangu ina ua. Ua una mwembe, una ukuta, una geti la chuma. Bodaboda gani itamgonga mle?

"Umeshakuwa Mzungu." Hili nimeambiwa mara nyingi mpaka limepoa. Nani kakwambieni kucheza nje nimefundishwa na Wazungu? Msimu wa karafuu sisi tulikuwa tunashinda chini ya mikarafuu tunaokota zilizodondoka, vidole vinanuka mpaka ukila wali unaonja karafuu. Maji yakitoka tunateremka pwani, tunarudi miguu myeupe kwa chumvi, mlangoni unapokelewa na fimbo na swali, "Ulikuwa wapi?" Hakuna aliyetupangia ratiba. Hawa wa huku wakienda matembezi wanavishwa vizibao vya njano vinavyong'aa, wanashikishwa kamba moja watoto kumi na wawili, mwalimu anawahesabu kabla ya barabara, baada ya barabara, na wakifika. Sisi tulikuwa tunahesabiwa mara moja, usiku, kwa sahani.

Kwa hiyo msinambie nasifu vya watu. Wanorwei wanahangaika kwa sufu na makabati ya moto kukipata kile tulichokuwa nacho peku. Mie kinachoniuma ni kukiacha.

Na sitaki kudanganya kwamba huku ni peponi. Mafua yapo, mwanangu kamasi zinamtoka tangu Oktoba. Daktari kasema virusi huambukizana zaidi watu wakijifungia ndani pamoja, sawa, lakini pua nnayoifuta ni ile ile. Kiza kinachosha. Zipo siku nalia kwa sababu ya glavu moja iliyopotea. Na kila asubuhi nampa kijiko cha mafuta ya ini la samaki, maana jua la hapa wakati wa baridi halikupi vitamini D hata ulikalie kutwa, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua zaidi. Nanunua kwa chupa kitu ambacho dada yangu anakifungia mlango.

Nilimwambia hivyo hivyo kwa simu. Akacheka, dada yangu si mtu wa kuchukia. Nikampa na habari kwamba Julai tunakuja, inshallah, na nitawachukua watoto wote wawili kila asubuhi, tuzunguke uani, tuzunguke mtaani, tufike pwani.

"Julai?" akasema. "Kusi lote hilo? Mnunulie sweta."

"Dada, huyu kalala nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri."

"Hiyo baridi ya huko kavu. Ya kwetu ina upepo."