Makabaila waliofilisika na ile ramani yao ya Ulaya

Ulaya ya baada ya Vita ya Kwanza ina kitu huwa kinanichekesha. Himaya ya Urusi chali, ya Ujerumani chali, ya Austria na Hungaria ndo kabisa vipandevipande, afu Aprili 1919 Austria ikapitisha sheria ya kufuta ukabaila, yani hata kale ka "von" ka kuonyesha ukabaila kwenye jina ukaambiwa ukaondoe. Mtu kalala mwinyi kaamka raia wa kawaida, tena wengine raia wa nchi ambayo juzi haikuwepo.

Mmoja wao ni Richard Coudenhove-Kalergi. Baba mwanadiplomasia wa Austria, mama Mjapani, Mitsuko Aoyama, mtoto kazaliwa Tokyo 1894 akakulia kwenye kasri la ukoo huko Ronsperg, Bohemia (Cheki ya leo), na himaya ilipovunjika kasri likajikuta liko Chekoslovakia na yeye akawa raia wa huko. Sasa huyu ungemwambia chagua taifa angechagua lipi? 1923, hata miaka 30 hajafika, akatoa kitabu chake Paneuropa, kwamba nchi za Ulaya ziungane la sivyo zitamalizana tena. Tajiri wa benki Max Warburg akampa marki 60,000 za dhahabu, na Oktoba 1926 watu kama 2,000 wakajaa kwenye mkutano wake Vienna.

Mi nachoamini ni kwamba makabaila hawa walioota Ulaya moja hawakubuni kitu kipya, walikuwa wanakumbuka kwao. Kabaila ana shangazi Hungaria, mjomba Bohemia, mezani Kifaransa, jikoni lugha nyingine, mpaka wa nchi kwake ni kitu cha kuvuka akienda harusini. Mwangalie Hermann Keyserling, kabaila Mjerumani mwanafalsafa wa Estonia, shamba la ukoo wake Rayküll lilikwenda na mageuzi ya ardhi ya Estonia mwaka 1919, mwaka unaofuata yuko Darmstadt kafungua Shule ya Hekima. Ardhi imekwenda, imebaki hekima! Ila mkulima wa Kiestonia aliyepata kipande chake yeye taifa jipya lilimfaa sana tu, na sioni kwa nini angeililia himaya. Na msidhani kupenda Ulaya kulimfanya mtu awe mwema, maana Karl Anton Rohan, mwinyi mwingine wa Austria, alianzisha jarida zuri tu la Ulaya 1925 na akaishia upande wa Wanazi.

Coudenhove yeye hapana, Hitler alimdharau akamtukana uchotara, na 1938 Wajerumani walipoingia Austria ikabidi akimbie. Kwa hilo namheshimu.

Ila ile ramani yake bana. Dunia kaigawa mafungu matano, Uingereza kaitoa Ulaya na makoloni yake yote, kwa hiyo Tanganyika na Kenya ziko fungu la Mwingereza, lakini Kongo, Angola na Msumbiji zimo ndani ya Paneuropa yake, zimepakwa rangi moja na Paris. Na si bahati mbaya ya mchoraji, 1929 aliandika wazi kwamba Afrika ndo itailisha Ulaya malighafi. Mtu mwenyewe katukanwa kwa damu ya mama yake, kanyang'anywa kwao, bado akiangalia huku anaona stoo! Mzoea vya kunyonga.

Halafu haikuishia kwenye karatasi. Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, ulivyosainiwa Machi 1957, Kongo ya Mbelgiji iliingizwa humo kama eneo shirikishi la soko la Ulaya. Mkongomani wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, alipiga kura yake ya kwanza Desemba mwaka huohuo, na ilikuwa ya halmashauri ya mji tu.